Ukuta wa majani ya plastiki hauifanyi arusi kuwa ya kijani

Mvua ikikatika Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, arusi zinaanza. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti ni nadra Jumamosi kupita bila msafara kupanda barabara ya Patrice Emery Lumumba kwa honi, na mwingine nyuma yake umekwama Nyawera. Katika misimu hii ya karibuni neno jipya limeingia kwenye vikao vya kamati: arusi ya kijani, yaani isiyoharibu mazingira. Mpambaji anaulizwa kama anaiweza, anasema anaiweza sana, na siku ikifika analeta ukuta wa majani ya plastiki wa mita 3 kwa 2, majina ya maharusi yakiwaka katikati, nyasi bandia kutoka mlangoni hadi jukwaani, na juu ya kila meza chupa za maji za plastiki zilizofungwa utepe wa kijani shingoni. Nyuma ya ukumbi jenereta inanguruma. Picha zinatoka nzuri. Lakini ukiuliza ni gunia gani la makala, yaani mkaa, ambalo halikuchomwa, au ni lita gani ya mazutu, yaani dizeli, ambayo haikununuliwa, hakuna wa kukujibu.

Upande wa pili wapo wanaocheka. Tangu vita vilipoingia mjini mwanzoni mwa 2025, benki zikafunga milango na fedha mkononi kuwa adimu, arusi nyingi zimepungua ukubwa, na wenye midomo wanasema kijani ni jina la adabu la mfuko mtupu: aliyeshindwa kukodi magari kumi anasema anahifadhi hewa. Naona pande zote mbili zimepotea, tena kwenye njia moja. Wa kwanza wanadhani kijani ni kitu cha kuongeza ukumbini. Wa pili wanadhani ni kitu ulichokosa. Katika mji huu arusi ya kijani hupimwa kwa magunia ya makala, kwa lita za mazutu na kwa idadi ya chupa zitakazolala mtaroni Jumapili asubuhi. Vyote vitatu viko nyuma ya ukumbi, mahali ambapo kamera haifiki, na ndiyo maana vinaweza kupunguzwa bila umaridadi wa arusi kuguswa. Mara nyingi umaridadi unapanda.

Chupa ina uzito wa pekee hapa, na sababu ni sura ya mji wenyewe. Bukavu imekaa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na nyuma ya vidole hivyo ni vilima vilivyojaa nyumba na mitaro inayoshuka moja kwa moja. Chupa iliyotupwa Kadutu haihitaji gari la kuisafirisha: mvua ya kwanza ya Septemba inaiingiza mto Kawa, na mto Kawa unaitoa ziwani. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Kilomita chache kutoka mdomo huo, pale Mururu, ndipo ulipo mtambo wa Ruzizi I, unaofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na wenye uwezo wa karibu megawati 30. Kwa hiyo kinachoelea kutoka mjini na vijiji vya kandokando ya ziwa huvutwa polepole kuelekea kwenye nondo za kuchujia maji za mtambo uleule unaotuwashia taa. Mwaka 2022 picha za zulia la chupa mbele ya bwawa hilo zilizunguka dunia. Taka zikiziba nondo, maji yanayofika kwenye mashine yanapungua, mashine inasimamishwa ili wapiga mbizi washuke kusafisha, na mtaa fulani unabaki gizani. Si kila umeme unaokatika umekatwa na chupa. Mashine ni kuukuu, na mji umekua mara nyingi kuliko nyaya zake. Lakini tazama mzunguko wenyewe: arusi inatupa chupa, chupa zinachangia kukata umeme, na kwa kuwa umeme hauaminiki, arusi ya mwaka unaofuata inakodi jenereta.

Sheria ipo, na haijatusaidia. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza nchini Kongo kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, vifuko na vifungashio vingine vya plastiki. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, walikataza mifuko tangu 2008, na 2019 wakaongeza plastiki za kutumia mara moja. Anayevuka na kifuko anajua kitanyang'anywa mpakani. Ziwa ni moja, na amri ya upande wetu imebaki karatasi. Basi uamuzi umeachiwa kamati ya arusi, ambayo kwa kawaida huanza na rangi za vitambaa. Ingefaa ianze na jikoni.

Chakula cha wageni 300, yaani sombe (majani ya muhogo), maharage, wali, mbuzi, ndizi na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wa kukaanga, huchemka juu ya mbabula (majiko ya mkaa) nne au tano tangu usiku wa manane. Makala yetu hutoka kwenye tanuri la udongo, na tanuri hilo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makala. Sehemu ya miti hiyo hukatwa ndani ya Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa 1970 na iliyoko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997. Hakuna pambo la mezani linaloweza kufidia magunia hayo. Kinachoweza kuyapunguza ni mambo madogo ya upishi, ambayo kila mpishi mzoefu anayajua na wachache wanayafanya, kwa sababu hakuna anayewaomba.

Maharage kwanza. Yakilowekwa saa 12, maji yale yakamwagwa na kuwekwa mapya, muda wa motoni hupungua karibu nusu. Yakishachemka kwa nguvu dakika 30, sufuria hufunikwa na kuingizwa kwenye kapu lililojazwa blanketi au majani makavu ya mgomba, unene wa sentimita 10 pande zote, chini na juu pia, ikaachwa saa nne. Humo yanaiva bila kipande kimoja cha makala. Njia hii hufeli kwa sababu tatu zinazojulikana: sufuria haikujaa, kwa hiyo haina joto la kutosha kujihifadhi, mtu amefungua kifuniko kuonja, au nyanya zimetiwa mapema, na ule uchachu wake unakaza ngozi ya maharage. Ipo na ya nne, ambayo kapu haliwezi kuiponya: maharage yaliyolala ghalani mwaka mzima hayalainiki hata ukiyapikia msitu. Arusi ya Julai ina bahati, kwa sababu maharage ya mavuno ya Juni yako sokoni; uwalipe wauzaji wa Nyamugo faranga kidogo zaidi ili wakuonyeshe mapya. Kabla ya kupakua, chakula cha kapuni kirudishwe motoni hadi kichemke tena, maana kilichokaa vuguvugu muda mrefu huwalaza wageni hospitalini.

Sombe haifai kapu tangu mwanzo. Majani yaliyotwangwa yanatakiwa yachemke sufuria ikiwa wazi dakika 15 au 20, sumu iliyomo katika muhogo iondoke na mvuke, kisha ndipo kifuniko kiwekwe na moto upunguzwe. Hapo ndipo pazuri kwa briketi, ule mkaa wa kubanwa wa taka za jikoni unaotengenezwa hapa mjini. Briketi huwaka muda mrefu kwa moto wa chini na kuacha majivu mengi: ni nzuri kwa sombe na mchuzi, mbaya kwa kukaanga. Anayejaribu kukaanga sambaza juu ya briketi peke yake atapata samaki waliokunywa mafuta, kisha ataapa kwamba briketi ni uongo. Washa kwa makala kidogo, kaanga kwa makala, chemsha kwa briketi. Na zinunuliwe wiki mbili kabla, ziwekwe juu ya mbao mahali pakavu, kwa sababu briketi yenye unyevu hutoa moshi na kubomoka mkononi. Kuhusu mbabula zenye ukuta wa udongo, zinaokoa makala nyumbani lakini sufuria ya lita 80 haikai juu yake. Inaning'inia, na moto unapotea pembeni. Kwa sufuria za arusi linahitajika jiko la matofali ambalo sufuria imezama ndani yake, kukiwa na nafasi ya sentimita moja au mbili tu kati ya ukuta na sufuria. Shule na parokia kadhaa zinayo. Jikoni kwao kukodiwe Ijumaa usiku, chakula kishuke kwa gari Jumamosi; safari moja ya gari ni nafuu kuliko gunia zima.

Tukitoka jikoni tunakutana na hoja nzito ya wanaopinga, na inastahili kusikilizwa. Wanasema: mnatuambia tuache chupa na sahani za kutupa, wakati bomba la Regideso, shirika la maji, linatoa hewa. Sahani 300 zitaoshwa na nini? Na mgeni ataamini vipi maji ya jagi katika mji ambao kipindupindu si hadithi? Chupa iliyofungwa, wanasema, ni usalama. Hili la usalama si kisingizio. Lakini linajibika kwa hesabu. Wageni 300 wakinywa robo tatu ya lita kila mmoja ni lita 225, yaani madumu 12 ya lita 20 yaliyofungwa kiwandani, yanayofunguliwa mbele ya watu, badala ya chupa 600 za nusu lita, mbili kwa kila mgeni. Kosa linalofanyika ni kuweka dumu moja lenye bomba kwenye kona na kuwaachia wageni wapange foleni. Hapo hata mwenye moyo mweupe ataulizia chupa. Vijana wa protokoli wajaze majagi ya kioo pembeni, wayapitishe mezani wenyewe, ndani mkiwa na vipande vya limau na majani ya mnanaa. Meza yenye jagi la kioo na glasi ina heshima kuliko meza yenye msitu wa plastiki wenye lebo. Sijaona picha ya arusi inayopendezeshwa na lebo ya maji.

Sahani nazo. Kuosha sahani 300, uma na glasi zake kwa mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuza na la javeli (maji ya klorini ya kuua vijidudu), huchukua lita 300 hadi 400, yaani bidoni (madumu ya lita 20) 15 hadi 20. Javeli ya asilimia 3.5 hutiwa vijiko viwili vikubwa kwa ndoo ya lita 20, vyombo vinalala humo dakika mbili, kisha vinakaushwa kwa hewa; anayefuta kwa taulo moja iliyolowana anarudisha vijidudu alivyotoka kuviua. Maji ya mabeseni yabadilishwe kila baada ya sahani 80 hivi au mapema zaidi yakiwa na mafuta juu. Bidoni 20 kwenye mji wa milima ni jasho la mtu, hilo halifichiki, na mbebaji alipwe kama anavyolipwa mpiga picha: kabla ya kazi kuanza. Kwa bia, ajabu, sisi tuko mbele. Chupa ya Primus ya sentilita 72 imetengenezwa ili irudi kiwandani na kujazwa tena, kasha la 12 lina rehani yake, na kila mwenye duka anajua kuhesabu vioo vyake. Soda ndizo zinazotuponyoka kwa kuingia kwenye plastiki. Ziagizwe za chupa ya kioo mapema, makasha yahesabiwe mlangoni yakiingia na yakitoka, na mtu mmoja ndani ya kamati abebe jina la "mkuu wa chupa". Bila huyo, theluthi ya rehani hupotea gizani na kamati inasema mwaka mwingine ni plastiki tu.

Kuhusu umeme, kosa kubwa ni la hesabu, na mara nyingi linawagharimu maharusi fedha nyingi kuliko maua. Taa nane za halojeni za wati 1,000 zinakula kilowati 8 peke yake. Sono, yaani vyombo vya muziki na sauti, huhitaji kilowati 2 au 3, friza tatu karibu moja. Mwenye jenereta anajumlisha, anaongeza woga kidogo, analeta mashine ya kVA 20 (kVA ni kipimo cha nguvu ya jenereta) inayokunywa lita 4 za mazutu kwa saa au zaidi ikibeba mzigo wa kutosha. Weka taa 24 za LED za wati 50 na taa zote zinashuka hadi kilowati 1.2, jumla ni kilowati 5 hivi, na mashine ya kVA 8 inatosha. Kwa saa kumi unaokoa kama lita 20, na kila lita ya mazutu ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanabadilisha taa lakini wanaacha mashine ileile kubwa. Injini ya dizeli inayobeba chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, bomba linatapika masizi meusi na harufu inaingia ukumbini wakati wa kukata keki. Punguza mzigo na mashine pamoja. Friza nazo ziwashwe usiku uliotangulia kwa umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukiwepo, vinywaji viingie vikiwa baridi na barafu, kwa sababu mota ya friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na hapo ndipo sono inapokohoa katikati ya hotuba ya baba mkwe.

Dawa rahisi kuliko zote haina mashine. Jua hapa huzama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, au karibu na hapo. Arusi inayoketi saa sita mchana na kuinuka saa kumi na moja na nusu haihitaji taa nyingi za aina yoyote, inapata ziwa la bure nyuma ya meza kuu, na wageni wanafika nyumbani kabla ya giza, jambo ambalo katika hali ya mji wetu halihitaji kuelezwa. Fataki nazo zife kabisa. Mtu anayerusha fataki Bukavu usiku hajafikiria kuhusu majirani zake wanaolala chini ya vitanda kwa sababu nzuri.

Sasa mapambo, ambayo kila mtu alitaka tuanze nayo. Sina ugomvi na ukuta wa plastiki wenyewe. Ukikodishwa mara hamsini kwa miaka mitano, madhara yake kwa kila arusi ni madogo, na pengine ni madogo kuliko ya waridi zilizosafirishwa kwa baridi kutoka mbali. Tatizo ni kuuita kijani, na kununua mpya kila msimu kwa sababu rangi imebadilika. Vinavyoharibu kweli ni vile vya siku moja: tao la maputo 200, vumbi linalometameta ambalo ni plastiki iliyosagwa, na yale matofali laini ya kijani ya kuchomekea maua, ambayo nayo ni plastiki na hubomoka kuwa unga unaopita kila chujio. Bango la picha ya maharusi lina nafuu yake; baada ya wiki mbili utaliona limeezeka kibanda.

Badala ya matofali hayo, mgomba. Kipande cha shina la mgomba cha sentimita 25 kinashika maji kama sifongo na kuyahifadhi maua siku nzima. Maua yenyewe yako hapa: arumu nyeupe zinazomea kwenye mabonde yenye maji upande wa Kabare, hotensia za uani, majani mapana ya kila namna. Kwa meza 30, arumu tano kila moja, ni mashina 150, na yakitiwa juu ya kitambaa cha kitani au kitenge chenye rangi moja, hakuna ukuta wa plastiki utakaoyashinda. Lakini mgomba una siri yake, na asiyeijua atalipa vitambaa. Utomvu wake huacha doa la kahawia lisilotoka. Shina likatwe siku moja kabla, lisimamishwe wima usiku kucha likamuke, na chini yake iwekwe sahani au kipande cha kibao. Shina la arumu ni laini na linapondeka, kwa hiyo toboa tundu kwa kijiti kwanza, kisha chomeka. Zikatwe alfajiri, zisimame kwenye ndoo ya maji hadi nusu ya urefu wake kwa saa nne au tano mahali pa baridi. Na zisiguse chakula, maana utomvu wa arumu huwasha mdomo na koo.

Kwa nguo nitasema kidogo. Kitenge cha pamoja ni kizuri, ila kisichapishwe majina na tarehe. Mama aliyelipa yadi 6 anataka kuzivaa tena kwenye arusi ya mtu mwingine.

Wapenzi wa kijani nao wana hoja zao dhaifu, na dhaifu kuliko zote ni ile ya miche. "Kila mgeni ataondoka na mche," kadi inasema. Miche 300 hutolewa Julai, katikati ya kiangazi, kila mmoja ndani ya kifuko cheusi cha plastiki, kwa watu ambao wengi wao wanakaa kwenye vyumba vya kupanga visivyo na kipande cha ardhi. Kufikia Agosti imekauka kwenye madirisha. Anayetaka miti achukue fedha hizo na kumlipa mwenye shamba juu ya mteremko, apande grevilea kuanzia katikati ya Septemba mvua ikirudi, na amlipe nusu ya pili mwaka unaofuata baada ya kuhesabu iliyo hai. Dhaifu ya pili ni vikombe na sahani "zinazooza" zinazoagizwa kwa bei kubwa. Nyingi huoza kwenye mtambo maalumu wenye joto la nyuzi 60 hivi. Bukavu hatuna mtambo huo, na ndani ya ziwa kikombe hicho kinaelea kama kingine.

Wanaopinga nao husema mila yetu inadai wingi, kwamba arusi ya kuhesabu chupa ni ya wachoyo. Hii haisimami hata kidogo. Mila ya hapa ni ng'ombe wa mahari, kasiksi, pombe ya ndizi, ndani ya kibuyu na chakula juu ya jani la mgomba. Chupa ya plastiki haikuwepo wazee wetu walipokuwa wakioa. Mila inadai mgeni ashibe na aonekane. Haijawahi kudai ashibe kwa sahani ya kutupa. Hoja yao bora ni nyingine: kazi. Muuza chupa za maji, kijana wa maputo, mwenye magari ya kortegi (msafara wa maharusi), wote wanakula kutokana na arusi, na mji huu umepoteza ajira za kutosha. Ni kweli muuza chupa atapoteza kitu. Lakini fuata fedha kidogo. Za sahani za kutupa na maputo huishia kwa mwagizaji wa bidhaa, na jasho linalobaki mjini ni la kubeba katoni. Kuosha vyombo vya watu 300 kunahitaji watu wanne kwa saa tano; kuna wabeba maji, wakata maua wa Kabare, mtengeneza briketi, fundi wa makapu. Hao wote wako hapa. Mabaki ya chakula yana mwenyewe pia: wafugaji wa nguruwe huyachukua, kwa sharti yasiwe na nyama ya nguruwe na yachemshwe dakika 30, kwa sababu homa ya nguruwe ipo Kivu Kusini na bakuli moja la masalio linaweza kumaliza zizi.

Inabaki idadi ya wageni, ambayo huzidisha kila kitu nilichotaja. Ushauri wa kuoa mbele ya watu 60 haufai hapa. Waliochangia mahari wana haki ya kukaa. Kinachowezekana ni kuunganisha: ndoa ya komini (ya serikali) asubuhi na ya kanisani baadaye siku hiyohiyo, ukumbi mmoja, mapambo yaleyale, mabasi mawili madogo kwa familia badala ya magari kumi kuzunguka mji mara tatu.

Na hapa kuna jambo ambalo mjadala wote umelisahau. Maharusi wanaoa mara moja, hawana muda wa kujifunza. Ukumbi unaozesha kila Jumamosi. Ukumbi wenye sahani zake 300, glasi zake, taa za LED zilizofungwa darini na tangi la maji ya mvua lililojaa tangu Mei unaifanya kila arusi inayoingia kuwa ya kijani, hata ya wale wasiotaka kusikia neno hilo. Ukumbi wa namna hiyo utajengwa siku wateja watakapoanza kuuliza maswali mengine zaidi ya bei na rangi ya viti. La kwanza ni: chupa zinakwenda wapi Jumapili? Usimuulize meneja, atakuambia kuna gari la taka. Muulize mlinzi. Ndiye anayefungua lango alfajiri, na anajua ni upande gani wa ukuta gunia linamwagwa.